Waya wa Redio: Tazama Mahali Kwanza, Urefu Baadaye



Wako watu wengi vijijini ambao hata leo husikiliza redio kwa masafa mafupi. Baadhi yao wakaa mbali na minara ya FM, kama vile katika pande za Turkana, Marsabit na Tana River. Wengine wana FM ya kutosha, lakini wapenda kusikia habari za nchi za mbali kutoka kwa wenyewe wanaozitangaza. Hao wote wakiona redio yakwaruza, na sauti yaja na kutoweka, huuliza swali moja: “Ninunue waya wa antena wa urefu gani?”

Mimi ni karani katika ofisi ya kilimo, na kabla ya kazi hii nilisomea ualimu. Watu huniletea swali hilo kwa sababu wajua kwamba napenda redio. Jibu langu ni kwamba swali lenyewe limeanzia mwisho. Jambo la kwanza si urefu wa waya, bali ni mahali utakapotundikwa. Waya wa mita 10 uliotundikwa mahali patulivu waweza kuushinda waya wa mita 40 uliopita juu ya paa la nyumba yenye umeme. Na hapa mkulima ana mali moja ambayo mtu wa mjini hana, hata akiwa tajiri: ana shamba, na ndani ya shamba mna mahali patulivu.

Haya ndiyo maoni yangu, na sasa nataka kuyaeleza moja moja.

KWA NINI JAMBO HILI LATAKA KUFIKIRIWA SASA

Zamani si za kale sana, sauti za masafa mafupi zilitujia kutoka karibu. Palikuwa na mitambo ya BBC katika kisiwa cha Mahé, Shelisheli. Ikafungwa mwezi wa Machi 2014. Palikuwa na mitambo ya redio ya Ujerumani, Deutsche Welle, mjini Kigali. Nayo ikafungwa mwezi wa Machi 2015. Tena mwezi wa Machi 2025 Sauti ya Amerika ilinyamaza, na matangazo yake ya Kiswahili yakakatika. Sauti nyingi zilizobaki hutoka mbali, kama vile Madagaska, au kisiwa cha Ascension kilicho katikati ya bahari ya Atlantiki, au Ulaya na Asia. Sauti iliyosafiri maelfu ya kilomita hufika imechoka.

Wakati huo huo kelele zimezidi nyumbani kwetu. Umeme umefika vijiji vingi, nalo ni jambo jema sana. Sola imewekwa juu ya mapaa. Taa za LED, chaja za simu, televisheni na mashine za kugeuza umeme wa betri zimeingia katika nyumba ambazo miaka 20 iliyopita zilikuwa na taa ya mafuta tu. Kila kimoja cha vitu hivi chaweza kutoa mawimbi madogo ambayo redio huyasikia kama mvumo, mlio au mkwaruzo.

Basi sauti zimepungua nguvu na kelele zimeongezeka nguvu. Mtu asiyejua hivyo hudhani redio yake ni mbovu, akaenda kununua nyingine kwa fedha ambazo zingelipa karo au mbegu. Akifika nyumbani, redio mpya yakwaruza vile vile. Huo ni upotevu ambao waweza kuepukwa.

USHAURI WA WAZEE ULIKUWA WA KWELI KWA WAKATI WAKE

Wazee wetu walifundishwa kwamba waya ukiwa mrefu zaidi ndivyo redio isikiavyo zaidi. Hawakudanganywa. Matangazo ya redio yalianza Kenya mwaka 1928, na kwa miaka mingi baadaye redio zilikuwa za valvu, nyingi zikiwa nzito wa masikio. Zilihitaji waya mrefu ili zipate nguvu ya kutosha. Tena hewa ya vijijini ilikuwa kimya, kwa maana hapakuwa na kitu cha kuichafua ila radi.

Leo mambo yamepinduka. Hata redio ndogo ya mkononi ina masikio makali kuliko nyingi za zile za zamani, lakini hewa imejaa kelele. Ushauri ule ule ukifuatwa leo bila kufikiri waleta hasara. Kila mkulima ajua kwamba mbegu ya mahindi ya H614 hustawi katika nyanda za juu kama Trans-Nzoia, na kwamba ukiipeleka nchi kavu ya Makueni utavuna mabua, ilhali mbegu ya Katumani ndiyo ifaayo huko. Hakuna aulizaye, “Mbegu ipi ni bora?” bila kuulizwa, “Shamba lako liko wapi?” Na waya wa redio ni vivyo hivyo.

WAYA HAUCHAGUI

Yafaa tuelewe waya hufanya kazi gani. Waya wa antena hukusanya kila wimbi lipitalo. Haujui kwamba wimbi hili ni habari za dunia na lile ni mvumo wa chaja ya jirani. Fikiri juu ya gunia la mahindi yaliyochanganyika na changarawe. Ukiongeza gunia la pili lenye mchanganyiko ule ule, umeongeza mahindi, lakini umeongeza na changarawe pia. Chakula chako hakikuwa safi zaidi. Kurefusha waya karibu na kelele ni hivyo hivyo. Redio itapiga sauti kubwa zaidi, lakini maneno hayatasikika vizuri zaidi.

Kwa sababu hiyo nawaonya pia juu ya zile antena za dukani zenye kikuza nguvu ndani yake. Zingine ni nzuri, na mtu wa mjini asiye na kiwanja hana budi kuzitumia. Lakini kikuza nguvu hukikuza kila kitu. Ukikiweka ndani ya nyumba yenye kelele, umelipa fedha ili usikie kelele kwa ukubwa.

TEMBEA NA REDIO YAKO

Kabla ya kwenda dukani, fanya jaribio hili ambalo halina gharama. Chukua redio yako ndogo, itie mawe mapya, wala usiitumie kwa chaja, maana chaja yenyewe yaweza kuwa ndiyo mwenye makosa. Nyosha antena yake ya chuma. Wakati wa jioni tafuta kituo hafifu katika mita bendi 31 au 25. Kisha tembea polepole kutoka mlangoni kuelekea shambani, ukisikiliza. Katika maboma mengi utasikia kelele ikipungua kwa hatua 20 au 30 za kwanza, halafu itafika mahali ambapo haipungui tena. Tia kijiti hapo. Hapo ndipo waya wako unapotaka kukaa.

Halafu rudi nyumbani uzime vitu kimoja kimoja, ili ujue ni kipi kipigacho kelele. Ziko dalili za kusaidia:

Kelele ikija mchana jua linapowaka na kupotea jua linapotua, tazama kifaa cha kuchaji betri ya sola.

Kelele ikija taa zinapowashwa, tazama taa moja moja. Mara nyingi ni taa moja tu ya bei rahisi ichafuayo nyumba nzima, na ukiibadili umepona.

Ukisikia “tik, tik, tik” kama moyo upigavyo, usiku na mchana, huo ni ua wa umeme wa mifugo, wako au wa jirani. Mara nyingi maana yake ni kwamba majani yamegusa waya wa ua, au kishikizo kimoja kimepasuka na umeme wavuja kwa cheche. Fyeka majani na ubadili kishikizo. Redio yako itanyamaza tik-tik, na ua wako utapata nguvu zake za kuwazuia ng'ombe. Hapo redio imekuwa mkaguzi wa ua bila mshahara.

Ukizima swichi kubwa ya nyumba na kelele ibaki, basi yatoka kwa jirani au kwenye nyaya za umeme za njiani. Usigombane na jirani. Sogeza waya wako mbali.

REDIO YAKO NI YA NAMNA GANI?

Swali la pili ni redio yenyewe. Redio ndogo za mkononi zilitengenezwa kusikiliza kwa kijiti cha chuma cha urefu wa nusu mita au zaidi kidogo. Ukiifungia waya wa mita 30, ni kama kumwagilia mche kwa bomba la zimamoto. Redio hushiba mno, ikaanza kuchanganya: kituo kimoja kinasikika mahali patatu, au matangazo ya mtambo wa karibu yaingia katikati ya habari za mbali. Mwenyewe hudhani amepata vituo vingi, kumbe amepata vurugu.

Kwa redio ya namna hiyo mita 6 mpaka 10 za waya zatosha. Kama haina tundu la antena, zungusha waya wenye ngozi ya plastiki mara tano au sita juu ya kijiti cha redio, nayo itasikia bila kuguswa chuma kwa chuma. Ukiona bado inachanganya, punguza mizunguko.

Redio kubwa ya mezani yenye tundu la antena ya nje yaweza kustahimili waya mrefu zaidi, mita 15 mpaka 25. Kupita hapo, faida kwa msikilizaji wa kawaida ni ndogo. Ni kweli kwamba Mmarekani Harold Beverage alibuni antena ya waya mrefu sana, wa mamia ya mita, uliolazwa chini chini juu ya ardhi, akapewa hati ya uvumbuzi mwaka 1921. Mwenye ranchi huko Laikipia aweza kujaribu. Lakini mwenye ekari mbili asihangaike.

NAMNA TATU ZA KUTUNDIKA

Ya kwanza ni waya mmoja wa moja kwa moja. Huu ni kwa nyumba isiyo na umeme, au yenye umeme kidogo usiopiga kelele. Ncha moja ifungwe juu ya mti, na ncha ya pili iingie dirishani hadi kwenye redio. Hauna fundi wala hesabu. Ubaya wake ni kwamba sehemu inayopita ukutani na dirishani nayo ni antena, hukusanya kelele za nyumba. Ikiwa nyumba yako ina umeme wa nguvu, sehemu hiyo itaharibu kazi ya waya wote.

Ya pili ni waya wa shambani pamoja na kebo. Hii ndiyo nionayo kuwa bora kwa wakulima wengi wa leo. Waya wa mita 12 hadi 20 hukaa pale ulipotia kijiti, mbali na nyumba. Kutoka hapo hadi nyumbani hutumika kebo ya televisheni, ile yenye wavu wa chuma ndani, ambao huizuia kebo isisikie kelele njiani. Pale waya na kebo vikutanapo huwekwa transfoma ndogo ya 9 kwa 1, yaani pete ya feraiti iliyozungushiwa waya mwembamba. Fundi mzuri wa redio aweza kuitengeneza, nayo ni ndogo yatosha kiganjani. Kazi yake ni kupatanisha waya, wenye ukinzani mkubwa, na kebo, yenye ukinzani mdogo. Chini yake pigilia bomba la chuma la mita moja na nusu penye unyevu, kama vile kando ya migomba, uufunge wavu wa kebo hapo ili kelele itokayo nyumbani iende ardhini. Mita 30 za kebo hii hazipotezi nguvu nyingi katika masafa mafupi. Ifukie ndani ya bomba la plastiki, la sivyo jembe au fuko ataikata kabla ya msimu kwisha.

Ya tatu ni waya wa mikono miwili. Hapa waya hukatwa katikati, kebo ikaunganishwa pale katikati, mkono mmoja kwa kila upande. Huu ni kwa mtu ajuaye hasa kituo akitakacho na wakati wake. Husikia vizuri sana katika bendi uliyopimiwa, lakini katika bendi nyingine si mwema hivyo.

HESABU YA WANAFUNZI

Kipimo cha waya wa mikono miwili ni hesabu ambayo mtoto wa shule aweza kuifanya, nami kwa kuwa nilisomea ualimu ningependa walimu waitumie darasani. Mawimbi ya redio huenda kilomita 300,000 kwa sekunde moja. Basi chukua 300, ugawanye kwa megahezi za kituo, utapata urefu wa wimbi kwa mita. Gawanya kwa mbili, kisha punguza sehemu 5 katika kila 100.

Mfano: kituo kiko megahezi 9.6. Tatu mia gawanya kwa 9.6 ni mita 31.25, ndiyo maana bendi hiyo yaitwa ya mita 31. Nusu yake ni mita 15.6. Ukipunguza sehemu 5 katika 100, yabaki mita 14.8. Kila mkono uwe mita 7.4.

Kwa megahezi 6, waya wote ni mita 23.75. Kwa megahezi 12 ni karibu mita 11.9. Kwa megahezi 15.4 ni karibu mita 9.25. Kwa kusikiliza tu, kosa la nusu mita halitakuzuia kupata sauti. Kwa hiyo usikose usingizi kwa ajili ya sentimita.

Wala usijitese sana na dira. Ni kweli kwamba waya wa mikono miwili ulionyoshwa kutoka mashariki kwenda magharibi husikia zaidi kaskazini na kusini. Lakini kwa kimo cha mita 5 au 8, ambacho ndicho wengi wetu tuwezacho, tofauti ni ndogo. Fuata miti uliyo nayo.

SAA NA MAJIRA

Waya mzuri hauwezi kukupa kile ambacho anga halileti. Mchana tafuta mita bendi 25, 19, 16 na 13. Usiku tafuta 31, 41 na 49. Tena sisi twakaa karibu na Ikweta, na bonde la Kongo, lililo magharibi yetu, ni mojawapo ya mahali penye radi nyingi kuliko pote duniani. Ile milio ya “kra, kra” usikiayo jioni, hasa katika bendi za 49 na 41, mara nyingi ni radi za mbali ambazo hata mawingu yake huyaoni. Hakuna waya wa kuziondoa. Dawa ni kupanda bendi ya juu zaidi kama kituo chako kinapatikana huko.

Ndiyo sababu nasema mtu asihukumu waya wake kwa usiku mmoja. Usikilize wiki mbili, kwa saa zile zile, uandike katika daftari kituo, saa na jinsi kilivyosikika. Mkulima aandikaye mvua na maziwa hatashindwa kuandika redio.

VIFAA VISIVYO VYA FAHARI

Waya wa shaba wenye ngozi ya plastiki, wa namna ile watumiayo mafundi wa umeme wa nyumba, unene wa milimita 1.5 za mraba, wafaa sana. Usiichune ngozi, mawimbi hupita ndani ya plastiki bila shida. Mita 15 zake zagharimu kidogo kuliko mfuko mmoja wa mbolea. Asiye na fedha hata hizo aweza kutumia waya wa seng'enge usio na miiba. Husikia vizuri vya kutosha, ila viungo vyake hushika kutu haraka, na kutu huleta mikwaruzo. Kwa hiyo uwe mzima bila kuunganishwa.

Ncha za waya zisiguse mti. Funga kipande cha bomba la plastiki chenye matundu mawili, waya upande huu na kamba ya nailoni upande ule. Kama mti ni mkaratusi au mgrevilea, ambao huyumba kwa upepo, pitisha kamba juu ya tawi na ufunge jiwe upande wa pili, ili mti ukiyumba jiwe lipande na kushuka, waya usikatike. Kimo kiwe angalau mita 4, mahali ng'ombe, mtoto mwenye mzigo wa kuni au mwenye bodaboda hawezi kuufikia. Waya usivuke barabara ya watu.

HATARI MBILI ZISIZO NA MZAHA

Ningeweza kusamehe waya uliotundikwa vibaya kwa mambo mengine yote, lakini si kwa haya mawili.

La kwanza ni radi. Katika nchi za Kericho, Kisii na kandokando ya Ziwa Victoria, mvua za radi ni nyingi. Waya ulioingizwa ndani ya nyumba ni njia ya radi kuingia ndani ya nyumba. Haitoshi kuzima redio. Kabla mawingu hayajafika, chomoa waya au kebo, utoe ncha yake nje, uifunge kwenye chuma kilichopigiliwa ardhini. Ukishasikia ngurumo, umechelewa: usiuguse waya, kaa mbali nao mpaka mvua iishe. Na kila ulalapo au uendapo sokoni wakati wa masika, uache umechomolewa. Waya wa kusikilizia habari za dunia usije ukawa habari ya kusikitisha kijijini.

La pili ni nyaya za umeme. Usifunge antena kwenye nguzo ya umeme. Usiipitishe juu ya nyaya za umeme wala chini yake. Usirushe kamba yenye jiwe mahali ambapo jiwe likikosea tawi laweza kutua juu ya nyaya hizo. Jiulize: mti huu ukianguka, au waya huu ukikatika, waweza kuufikia umeme? Ikiwa waweza, tafuta mahali pengine. Shamba lina pembe nne.

NENO KWA WANAOBISHA

Wako vijana wasemao kwamba maneno haya yote ni ya zamani, kwa sababu simu ya mkononi huleta kila redio ya dunia. Ni kweli kwamba penye mtandao mzuri na fedha za kununua bando, simu ni kitu cha ajabu. Lakini simu yataka mnara, na mnara wataka umeme. Mafuriko yakikata umeme kwa siku tatu, mnara nao huweza kunyamaza. Redio ya mawe mawili yaendelea. Tena kwa masafa mafupi hakuna mtu katikati yako na mtangazaji awezaye kuhesabu umesikiliza nini, wala kukutoza kwa dakika. Kwa mtu aliye Loima au North Horr, hilo si jambo dogo.

Wako pia wasemao kwamba kwa kuwa vituo vinafungwa, hakuna haja ya kutundika waya. Mimi naona kinyume. Kisima kikipungua maji, watu huongeza urefu wa kamba, hawavunji ndoo. BBC bado hutangaza kwa Kiingereza kwa masafa mafupi kuelekea Afrika, na wengine wako. Maadamu sauti zipo, na tuzisikie vizuri. Na kama vyama vya ushirika na shule zingetundika waya mmoja mzuri kila mahali, watoto wangejifunza hesabu, sayansi na habari za dunia kwa gharama ndogo kuliko ya dawati moja.

Basi, ndugu mkulima, fuata utaratibu huu. Tembea na redio utafute mahali patulivu. Tibu kelele ambazo wewe mwenyewe umezileta. Itazame redio yako kama ni ndogo au kubwa. Ujue kituo chako na saa yake. Baada ya hayo manne ndipo uende dukani na kipimo mkononi, nawe utaona kwamba waya unaotakiwa si mrefu sana wala si ghali. Mchagua jembe si mkulima. Na vivyo hivyo, mchagua waya asiyejua atautundika wapi bado hajaanza kusikiliza.